Kiti cha Shahidi wa 2002

Jumanne, 9 Desemba

“Mwaka wa 2002 hakuna mtu wa Kindu aliyeliona goli la Senegali dhidi ya Ufaransa.” Amesema Célestin, fundi cherehani, mbele ya ukumbi wa video wa mtaa wetu wa Mikelenge, watu kumi na wawili wakimsikiliza. Uongo! Mimi nililiona. Nimemwambia hivyo. Amejibu, uzi ukiwa mdomoni, kwamba mwaka ule waasi walikuwa mjini na wanamgambo wa Mai-Mai msituni, mihogo yenyewe haikupata njia ya kuingia, goli lingepita wapi?

Watu wamecheka. Hoja dhaifu, lakini ina mdundo.

Nimemkumbusha televisheni ya marehemu Okito, mfanyabiashara. Ndogo, isiyo na rangi, sahani yake juu ya bati. Célestin amekiri kwamba siku ile alikuwa amekimbilia Punia. Basi! Aliyekuwa Punia anaihukumu Kindu!

Huu si ugomvi mdogo. Kombe la Afrika linaanza tarehe 21. Kamati ya mashabiki inachagua shahidi mmoja. Atakalia kiti cha mbele, chenye mikono, chini ya feni, na kabla ya kila mechi atapewa kipaza sauti dakika tano asimulie mashindano ya zamani. Ni marufuku kumkatiza. Nina miaka hamsini na mmoja. Sijawahi kuzungumza dakika tano bila kukatizwa, hata nyumbani kwangu. Kiti hicho ni changu.

Alhamisi, 11 Desemba

Mpango umeanza. Shahidi wangu: Mama Pélagie, mjane wa Okito, muuza mawese sokoni. Siku ile alikuwa chumbani na televisheni. Nimempelekea samaki wawili wa mtoni pamoja na ushuhuda wake, kurasa tatu, niliomwandikia mwenyewe ili asichoke kukumbuka. Samaki amewapokea. Kurasa amefungia chumvi. Amesema, “Papa Rémy, weye acha tu. Wakiniita, nitasema nilichoona.”

Safi. Ndicho ninachotaka.

Jioni Célestin amepita na kuniuliza kama goli lile lilifungwa kwa kichwa au kwa mguu. Nimemjibu kwamba hayo ni maswali ya watu walioishiwa hoja.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimegundua ushahidi mkubwa kuliko Mama Pélagie. Uko mguuni mwangu. Kovu! Kwenye muundi wa kulia, refu kama kidole. Nililipata tarehe 31 Mei 2002, saa ileile ya mechi. Nayo ilikuwa Ijumaa. Mdomo hudanganya, mwili haudanganyi.

Nakumbuka kila kitu. Tulikuwa hatujala tangu jana yake. Kiingilio kwa Okito kilikuwa kopo la mchele. Nakumbuka watu walivyopiga kelele kwa pamoja, mpaka askari mmoja wa waasi akafyatua risasi hewani akidhani tumevamiwa, kisha akaja kuuliza matokeo. Kwa dakika tisini hakuna aliyeitaja njaa.

Nimelipaka kovu mawese. Linang'aa.

Jumapili, 14 Desemba

Kikao, baada ya misa. Mwenyekiti ni Claudine, muuguzi, mwanamke asiyependa hotuba. Amenipa dakika mbili. Nimetumia tisa. Kisha nimepandisha suruali na kuweka mguu juu ya meza.

Kicheko, kikianzia kwa wazee.

Claudine ameinama, amelitazama kovu kama anavyotazama vidonda vyote, na ameuliza kama si kovu la pedali. Nimesema ndiyo, tena kwa fahari.

Kosa. Kila mtu wa Kindu aliyepita umri fulani anakumbuka. Betri ya Okito ilikuwa imechoka, haikuweza kushika umeme. Nyuma ya nyumba kulikuwa na baiskeli iliyofungwa dinamo ya gari. Mwenye mchele aliingia ndani. Asiye na mchele alilipa kwa miguu. Miguu ikisimama, picha inakufa. Mwenye kovu la pedali, kwa hiyo, alikuwa nje.

Nimeeleza kwamba mtu anaweza kuona kwa masikio. Célestin ameomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Ndipo wakamwita Mama Pélagie. Amesimama, hana karatasi. Amesema: “Dakika ya makumi tatu, picha ikakufa. Tukamuita Rémy, kimya! Picha iliporudi, tuliona shati iko chini, wachezaji wanaizunguka wanacheza. Bwana yangu akasema, kuna mutu amekufa. Kumbe njo goli!”

Wamemuuliza Rémy alikuwa wapi. “Dirishani. Alishuka kwenye kinga, ile baiskeli, ili achungulie.”

Kwa hiyo Célestin amesema kweli. Hakuna mtu wa Kindu aliyeliona goli lile, na sababu ni mimi. Miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikisema ni mnyororo uliochomoka.

Célestin hakucheka. Hilo ndilo limeniudhi zaidi. Ameniuliza polepole, “Na pale dirishani, kaka, uliona nini?” Nimesema ukweli, sijui kwa nini. Niliona kioo cheusi, na ndani yake uso wangu.

Kiti amepewa Mama Pélagie. Kipaza sauti amekikataa. Amesema samaki walikuwa wadogo.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimetafakari. Kosa langu ni moja tu: kuchagua mwaka ambao mashahidi wake bado wako hai.

Sasa ni 1974. Zaire, Kombe la Dunia, Ujerumani. Mechi zote tatu mama yangu alizisikiliza redioni, Kailo, akiwa na mimba ya miezi saba. Mimba hiyo ni mimi. Yugoslavia walipofunga goli la tisa, nilipiga teke mpaka akakalia mkeka. Kumbukumbu hii ninayo safi kabisa. Na safari hii hakuna atakayesema nilikuwa nje.

Claudine, Célestin, na ninyi wanakamati wote wa Mikelenge: kabla ya tarehe 21, ondoeni madumu ya mawese ya Mama Pélagie kwenye kiti changu. Atakayepinga, amlete mama yake.