Wajina wa Mbu

Jumatatu, 9 Aprili 1973
Masika. Jangwani maji, huku Kariakoo mbu. Leo kisomo cha watu wazima nimetoka mdomo wazi. Mwalimu Augustino kasema Waingereza wanamwita mbu moskito, na jina lenyewe si lao, wamelichukua kwa Wahispania. Maana yake? Inzi mdogo! Kainzi! Subhanallah. Watu wamevuka bahari, wametetemeshwa na homa, halafu muuaji wao wanamwita kainzi. Moyo gani huo! Nimerudi nyumbani natembea kama mtu aliyeonyeshwa mwezi kwa karibu.

Mbu ndiye aliyetuchukulia mtoto wa kwanza wa binti yangu Sitara, masika ya mwaka jana. Huyu wa pili kazaliwa juzi tu, Ijumaa anapewa jina. Nimeshalipata. Ataitwa Moskito. Awe wajina wa mbu. Nani anamuuma wajina wake?

Jumatano, 11 Aprili
Bi Kuruthumu, mama mkwe wa Sitara, kacheka mpaka kanga ikamvuka. Yeye anataka Mbaruku, jina la marehemu mumewe. Eti shoga, mjukuu wangu si dawa ya kupuliza. Nikamjibu huyo Mbaruku wake kafa kwa homa hiyohiyo, jina halina kinga. Kanuna. Sitara naye: mama, utatuaibisha. Hewala!

Alhamisi, 12 Aprili
Nimewawahi! Sitara kaenda kuoga, nikamnong'oneza mtoto sikioni: Moskito. Akapiga chafya. Kakubali! Nikatoka uani nikawatangazia mbu kwa sauti, wasije wakasema hawakuambiwa.

Lakini jina geni huchelewa kuzoeleka. Nimefungua chandarua changu, ninacho hicho kimoja, nikamfunika mjukuu. Kwa muda tu.

Ijumaa, 13 Aprili
Shekhe kataja Mbaruku. Wote wakaitikia Mbaruku. Mimi Moskito. Kuruthumu kanifinya. Pilau lake nimelila kwa hasira, nikaongeza.

Jumatano, 25 Aprili
Natetemeka. Meno yanagongana, kalamu inaruka. Kuruthumu kaniletea klorokwini na uji, ananilisha kwa kijiko huku ananitukana: mkaidi wee, mbu wamekumaliza kwa sababu chandarua umempa mtoto!

Wivu huo. Mjukuu nimemkagua utosini hadi unyayoni. Hana hata kipele. Anang'aa! Jina limefanya kazi. Wahispania, Mungu awaweke.

Kosa ni langu. Jina nilimpa mtoto, nikajisahau. Nikiweza kusimama tu, naenda uani kuwaambia mbu kwamba kuanzia leo na mimi naitwa Moskito. Chandarua abaki nacho mtoto, kinampendeza. Mimi sikihitaji tena.