Lita Ishirini za Damu ya Mzee

Jumatatu, 3 Juni

Nimefanikiwa kukaa nyuma ya Kalamu Tatu. Hatua ya kwanza, tayari!

Kalamu Tatu ni binti wa shangazi yangu. Jina hilo nimempa mimi, maana vichwa vya habari anaviandika kwa nyekundu, maelezo kwa bluu, na kwa kijani sijui nini, majivuno labda. Tunarudia Biolojia pamoja. Tofauti ni kwamba mimi narudia D, yeye anarudia B. Mtu mwenye akili timamu anarudia B? Ati chuo cha udaktari kinapenda A. Mimi naitafuta hiyohiyo B anayoitupa!

Chuo chetu kinaruhusu kurudia somo mara mbili, basi. Mara ya kwanza nilipata D nyingine, nzuri kidogo kuliko ile ya mwanzo. Hii ndiyo ya mwisho. Nikiikosa B, udaktari kwaheri, hata nikifaulu Kemia baadaye. Baba kishaongea na mjomba: nitaanza kazi kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, kupima misumari. Mjomba kaniletea hata koti la kazi ili nilijaribu. Limenikaa sawasawa. Nimeogopa kweli.

Jioni. Hatua ya kwanza imekufa. Kalamu Tatu anaandika viherufi kama siafu, na kichwa chake kinaziba daftari lote. Kipindi kizima nimeambulia kisogo.

Jumatano, 5 Juni

Nimeupata mtihani wa vitendo! Wote!

Nilikuwa nimeinama nje ya maabara nikifunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba, lakini nani ameuliza? Ndani fundi wa maabara alikuwa kwenye simu. Nikatega sikio. Akasema kwa ajili ya mtihani wameamua ni damu ya mzee. Akasema lita ishirini zimeshafika, kazifungia stoo. Aliyeichagua ni Mama Seli mwenyewe. Mama Seli ni mwalimu wetu wa Biolojia. Yeye ndiye anayetunga mtihani na yeye ndiye anayesahihisha. Mwisho fundi akaonya kwamba ikikauka haitoki, hata usugue vipi.

Hapo nikaamini moja kwa moja. Damu ikikauka haitoki, kila anayefua anajua.

Lakini lita ishirini! Kitabu kinasema mtu mzima ana kama lita tano. Hao si wazee wanne? Wamewatoa wapi? Wenyewe wanajua? Chakula cha mchana kimenishinda. Halafu nikajikaza. Daktari lazima awe na moyo mgumu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesoma sura ya damu. Yote! Chembe nyekundu, chembe nyeupe, hemoglobini, kuganda, kila kitu. Sura nyingine nimezifunga kwa mpira ili zisinipotezee muda.

Linalonisumbua ni huo uzee. Kwa nini mzee? Lazima swali litauliza tofauti. Basi nikaenda chumbani kwa Babu, nikamwomba tone moja tu, kwa ajili ya elimu. Babu akanitazama weee. Akasema kishanipa jina lake, redio yake na kiti chake, kumbe sasa nataka na damu. Ningoje afe kwa utaratibu kama warithi wengine. Nikambembeleza. Akakubali kwa sharti nimkate kucha za miguu.

Nilizikata. Hilo silielezi.

Nikachemsha sindano ya Mama ya kushonea, nikamchoma kidole. Babu alipiga ukelele mpaka Mama akaja mbio na mwiko mkononi. Lakini tone nikalipata! Nikaliweka kwenye kipande cha kioo. Hadubini sina, nikatumia miwani ya Babu. Nimeona wekundu. Baada ya kuangalia kwa makini, nimeona wekundu tena.

Jumapili, 9 Juni

Kalamu Tatu kanishtukia. Kaja kumsalimu Babu, kakuta kidole kimefungwa kitambaa, na Babu bila aibu kamweleza yote. Kaniuliza hiyo damu ya nini.

Nikajitia hamnazo. Nikamwambia hiyo ni hobi yangu tu. Nikamnong'oneza kwamba, kwa kuwa yeye ni damu yangu, nitampa siri: mtihani wa vitendo ni majani. Majani ya mti, habari nimezipata kwa mtu wa ndani kabisa. Nilisema kwa uso mkavu. Jamani, kipaji ninacho!

Akanishukuru. Akasema basi ataanza na majani, kisha atamalizia sura zilizobaki. Zote. Watu wengine hata kuwadanganya hakuna raha.

Mama naye kamwambia shangazi kwenye simu kwamba mtoto kabadilika, siku hizi anakumbatia kitabu hata chooni. Nimejisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwisha.

Nilifika maabara mapema, nimekula vizuri, moyo mgumu kama nilivyopanga. Harufu kali. Mlango umepakwa rangi mpya, viti vimepakwa, makabati yamepakwa. Fundi kasimama mlangoni akituonya tusiegemee. Nikamsogelea, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama damu ya mzee iko tayari. Akasema si hiyo naitazama? Akaonyesha mlango.

Nikautazama mlango. Wekundu ulioiva, unaokwenda kwenye weusi.

Rangi! Damu ya mzee ni rangi! Lita ishirini za rangi ya mafuta! Kalamu Tatu alikuwa nyuma yangu, akasikia, akaelewa papo hapo, na ile hobi pia akaielewa. Alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ulikuwa mbichi. Akaniuliza hivi sikuwahi kuisikia rangi hiyo. Nimewahi! Sweta langu la shule lilikuwa damu ya mzee miaka yote! Lakini maabara, mtihani, stoo, haitoki ikikauka... nani angefikiria mlango?

Tukaingia. Kila meza kisahani, na ndani ya kila kisahani, jani.

Jani!

Nilitakiwa kulichora, kutaja sehemu zake na kueleza kila sehemu inafanya nini. Nilichora kitu kama soli ya kiatu. Katikati nikaandika "mshipa", kwa sababu neno hilo nilikuwa nalo tayari. Kalamu Tatu alipokuwa akitoka alinishika bega kwa mkono wenye rangi, akaniambia asante, yule mtu wangu wa ndani ni kiboko.

Nyumbani nimekuta koti la mjomba limefuliwa, limepigwa pasi, limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu. Nimejifunika shuka gubigubi. Vitendo ni robo tu ya alama, lakini kesho ni nadharia, na ninachojua ni damu peke yake. Nimelia. Naandika hivyo hivyo, nimelia.

Jumanne, 11 Juni

Mungu mkubwa! Mungu mkubwa sana!

Nilifungua karatasi jicho moja nimelifumba. Swali la kwanza, nusu ya alama zote za karatasi: eleza safari ya oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye seli, na kazi nyingine za damu. Nikasoma tena. Nikamwangalia msimamizi nione kama ananitania.

Nikaandika! Niliandika mpaka nikaomba karatasi ya ziada. Darasa zima likageuka. Mimi! Karatasi ya ziada! Msimamizi alikuja mara mbili kukagua mikono yangu, akaangalia hata chini ya kiti. Hakukuta kitu. Kila kitu kilikuwa kichwani, na hata mimi nilishangaa kukikuta huko. Nikamtia Babu kama mfano, mzee mmoja ninayemfahamu, ambaye kidole chake kilichelewa kupona.

Maswali mengine nilibahatisha. Jasho limenitoka, lakini jasho la raha.

Jumatano, 26 Juni

B! B! B!

B ya chini kabisa, ile inayoning'inia ukingoni, lakini B! Nilisimama mbele ya ubao wa matangazo nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu mwaka juzi. Mama kapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Baba kanipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Babu kasema sehemu ya B hiyo ni yake, na kucha zimeota tena. Mjomba kaja kulichukua koti lake. Nililikunja mwenyewe, nikamsindikiza nalo mpaka njiani, nikarudi nikiimba.

Kalamu Tatu kapata A. Hainiumi. Leo hakuna kinachoniuma.

Mama Seli aliniita ofisini. Akasema jibu langu la damu ndilo bora kuliko yote darasani, kulipita hata la Kalamu Tatu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Kisha akaniketisha, akaniambia kwa upole kwamba uwezo ninao. Nikisoma sura moja kwa makini, mwanzo hadi mwisho, hakuna wa kunishinda. Sasa imebaki Kemia tu, akasema, na chuo cha udaktari kitanipokea. Nifanye vilevile.

Machozi yalinilenga. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa ukweli namna hiyo. Njia nzima nimekuwa nikiyatafakari maneno yake. Sura moja, kwa makini, mwanzo hadi mwisho. Ni kweli kabisa! Kilichobaki ni kujua ni sura ipi.

Nimechunguza: mwalimu wa Kemia hunywa chai dirishani, na sauti anayo. Kesho naanza kumwagilia maua ya hapo chini.