Nahodha wa Nchi Kavu

Zahoro hakuwahi kulowa maji ya bahari kupita magoti, na hayo magoti yenyewe aliyalowesha siku alipokuwa akimkimbia mume wa mtu. Lakini tufani ilipovunja madau ya Msambweni, na serikali ikatangaza kwamba kila nahodha aliyevunjikiwa chombo atapewa magunia ya unga kwa ajili ya mabaharia wake, alisikia mwito. Wengine huitwa na Mungu. Zahoro aliitwa na unga, maana huko mjini Ukunda unga ulikuwa ukinunuliwa kama dhahabu.

Pwani alikuta dau limelala ubavu, mbao zimepasuka. Kando yake ameketi mwenye dau, mjane aitwaye Mwanapili.

"Shikamoo, mama. Nahodha wa chombo hiki yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Alihamia Pemba kabla ya tufani. Hatuna nahodha, basi hatuna unga. Watoto wa mabaharia wanashindia muhogo mbichi."

"Maskini!" akasema Zahoro, akahuzunika vizuri kuliko wafiwa.

Jumatatu alisimama pale pale ufukweni, kanzu imepigwa pasi, akimsimulia karani wa serikali alivyopigana na mawimbi. Alilia. Karani, mtu wa bara asiyejua dau wala dafu, akapangusa macho. Magunia yakashushwa.

"Na mabaharia wako?"

"Wagonjwa, bwana. Nitawapelekea mwenyewe."

"Tumepona, alhamdulillahi!" Alikuwa Kombe, baharia wa lile dau, na wenzake nyuma, na wake zao na vikapu. "Nahodha wetu! Tulidhani umekufa maji!" Akamkumbatia Zahoro hadi mbavu zikalia.

Akikana, ni jela. Zahoro akatabasamu.

"Bwana karani," akasema kwa upole Mwanapili, aliyekuja nyuma yao, "ada yetu, chombo kikivunjika, nahodha hagusi chakula mpaka mabaharia wapate. Si ndivyo, nahodha?"

"Ndivyo," akajibu, kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Vikapu vikajaa. Zamu ya nahodha ilipofika, Kombe alikung'uta gunia la mwisho, na vumbi likamwingia Zahoro puani.

"Allah akuzidishie, mwanangu," akasema Mwanapili. "Sasa vua kanzu. Likishazibwa dau, utalipeleka baharini wewe. Bwana karani amependa sana habari zako za mawimbi, anataka kuona."

Na karani, kweli, alikuwa ameshaagiza kiti.