Omoding na Tundu la Nyuma ya Picha ya Mwenyekiti

Njooni, enyi wa Malaba mliozoea kusikia garimoshi likihema mpakani, nanyi wa Sigalame na Namboboto mlioacha majembe shambani. Tueni vikapu, nyamazisheni watoto, kwa maana nawasimulia vita vilivyopiganwa mwaka wa sitini na saba katika chumba cha eksirei, kwa ajili ya tundu lisilozidi yai la kuku. Wengine husimulia wakubwa. Mimi wakubwa nimewasikia wakihutubia, wamenitosha. Nitamsimulia Omoding, fundi wa bati, mwenye nyundo ya mti na mgongo unaouma.

Huyo Omoding, Mshinda-Mabati, ndiye aliyepewa chumba kipya cha hospitali yetu ndogo akivishe kuta zake mabamba ya risasi, madini yale mazito yanayozuia miale ya mashine isipenye na kuwadhuru walio upande wa pili. Siku kumi na tisa aliyabembeleza kwa nyundo, akayalaza ukingo juu ya ukingo, na kila kichwa cha msumari akakifunika kwa kipande cha risasi, asibakize upenyo hata wa sindano. Kisha kazi yote ikafunikwa kwa mbao na rangi. Wakubwa waliokuja kufungua chumba waliisifu rangi.

Siku hiyo ya ufunguzi ndipo adui alipoingia, tena kwa mlango wa mbele, akipigiwa vigelegele. Mheshimiwa Bwire, Mwenyekiti wa Kamati ya Hospitali, Simba wa Mikutano, Mkata-Utepe, alikuja na picha yake mwenyewe katika fremu ya mvule, nzito kama mlango wa choo. Na kwa kuwa Mheshimiwa ni mfupi na hapendi kuinua shingo akijitazama, aliamuru itundikwe chini, usawa wa macho yake. Watu wake wakatoboa ukuta, mbao na risasi pamoja, wakapigilia kigingi cha mti, wakamtundika, wakaenda kula pilau.

Jumatatu Omoding alirudi kukaza bawaba za mlango, akaiona picha, akachungulia nyuma yake, akaona kigingi kimepenya risasi yake. Akamwendea Edris, mpiga picha wa eksirei, na wawili hao wakabandika filamu ndani ya bahasha yake nyeusi upande wa pili wa ukuta, ikakaa hapo kutwa mashine ikifanya kazi. Edris alipoisafisha, filamu ilikuwa na duara jeusi katikati. Miale ilikuwa imepita kwenye kigingi cha mti bila hata kupiga hodi.

Na upande huo wa pili, katika chumba chembamba chenye dirisha moja, aliketi Benta, karani wa kadi, juu ya kiti kirefu, mgongo wake ukiegemea pale pale penye duara. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Alipoonyeshwa filamu aliishika kwa vidole viwili.

"Fundi, mimi nimezika wawili," akasema. "Huyu hata nguo sijamnunulia, naogopa. Sasa nikae wapi? Dirisha ni hili moja, na watu wako hapo nje wanangoja."

Omoding alikasirika, nami ninaposimulia haya nakasirika naye.

Basi mashujaa wawili wakamwendea Mheshimiwa hotelini, wakamkuta akinywa chai, wakamtandazia filamu mezani. Aliuliza hicho ni kifua cha nani. Edris akamweleza, pole pole, mara mbili. Mheshimiwa akafuta mdomo, akasimama kana kwamba kuna umati, akahutubia.

"Mmefanya vizuri kuniambia. Kamati itakaa mwezi wa tisa, tutaangalia hiyo maneno. Lakini picha yangu haitoki. Ikitoka leo, kesho soko yote itasema Bwire ameangushwa, na mimi niko na maadui. Huyo mama si avumilie tu? Kwani ameona hiyo miale na macho?"

Benta alitarajiwa kujifungua mwezi wa nane. Omoding alihesabu kwa vidole, akavua kofia.

"Sawa, mzee," akasema. "Picha haitatoka."

Jioni hiyo alisimama mbele ya banda lake la kuku, ambako kipande cha risasi kilichobaki kazini kilikuwa kimeziba njia ya kicheche. Kuku walipinga kwa kelele nyingi. Akakibandua, akaziba kwa mawe, akakibeba begani.

Kesho yake adhuhuri, mashine imezimwa, Mwenyekiti aliteremshwa ukutani kwa mara ya kwanza katika utawala wake, akalazwa kifudifudi juu ya meza ya wagonjwa, wala hakutoa hoja yoyote. Omoding akaikata risasi sawasawa na mgongo wa fremu, akaipigilia pembeni tu, kwenye mvule. Kisha yeye na Edris wakamkweza, wakihema kama wapakiaji wa magunia ya pamba stesheni, na kwa kuwa kigingi kisingebeba uzito huo, nao hawakutaka kutoboa tundu jingine, wakamsimamishia miguu miwili ya mbao kutoka sakafuni.

Filamu ya pili ilikaa ukutani siku nzima, ikatoka safi toka pembe hadi pembe. Benta aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena. Halafu akapanda kiti chake, akaegemeza mgongo ukutani, akaita anayefuata alete kadi.

Ijumaa Mheshimiwa alipita, akaiona miguu ya mbao, akadhani ni heshima, akaondoka ameridhika. Mwezi wa nane Benta alipata mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha wadi.

Basi na iandikwe, isomwe mpaka ng'ambo ya Malaba: kwamba katika miaka yake yote ya uongozi, Mheshimiwa Bwire hatimaye alisimama kati ya wananchi na hatari, akipigwa miale usoni asubuhi hadi jioni kwa ajili ya akina mama wetu, na kwamba aliyemsimamisha pale ni Omoding, fundi wa bati, ambaye hakumwomba ruhusa.