Nambari Iliyohama Bila Kuniaga

Jumatatu, 1 Machi 1999. Migori.
Nimeamka vizuri, nikaharibikiwa kabla ya chai. Mke wangu Dolphine amenipa habari akikoroga uji: dada yake amepiga simu kutoka Homa Bay, Zadock amepata anwani ya kudumu ya intaneti. Nikasema hongera. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyekanyagwa kidole.

Zadock ni mwanyumba wangu, tumeoa mtu na dadake. Mimi nilifungua biro ya kutaipu hapa Migori. Yeye akafungua yake Homa Bay miezi miwili baadaye, tena yenye mapazia. Nikanunua modemu, akanunua. Sasa hili.

Tena wakati mbaya. Shirika moja la Nairobi linatafuta biro moja tu iwe kituo cha bei za samaki upande wetu wa ziwa. Kila Alhamisi saa nne kompyuta yao itaipigia ya kituo na kuchukua bei za mbuta, ngege na omena. Bi Kemuma, msimamizi wao, anauliza kila mwenye biro: anwani yako ni ipi, na je, hubadilika?

Nimeunganisha modemu, nikasoma anwani yangu kwenye kioo cha kompyuta. Nambari nne zenye nukta katikati, ya mwisho 47. Nimekata, nikamtumia kwa faksi. Haibadiliki, nimeandika. Sanduku langu la posta halijabadilika tangu 1981.

Jumanne, 2 Machi
Machuki mchoraji ameipaka anwani kwenye bango langu, chini ya sanduku la posta, kwa rangi nyekundu. Mpita njia ameuliza kama ni matokeo ya bahati nasibu.

Kisha nikaunganisha tena. 112. Nikazima, nikawasha. 9. Nikafuta kioo kwa kitambaa. 9.

Nimempigia Gesare, fundi wa kampuni ya intaneti kule Kisumu. Amenieleza polepole, kama anayemvusha mzee barabara. Kampuni ina fungu la anwani. Ukiunganisha unapewa yoyote iliyo wazi. Ukikata, inarudi kwenye fungu, anapewa mwingine. Kama viti vya kinyozi, amesema, hakuna kilicho chako. Ukitaka ya kudumu unajaza fomu, inawekwa kwa jina lako, na kila ukiunganisha unapewa hiyo hiyo. Zadock alijaza. Huchukua wiki mbili.

Alhamisi ni keshokutwa. Nikamwuliza, kwa niaba ya rafiki yangu: na mtu asipokata kabisa? Akasema hapo atabaki nayo mpaka laini ikatike, lakini mwambie rafiki yako asijaribu.

Nimeunganisha mara thelathini na moja. Saa kumi na moja jioni 47 ikarudi. Sikati.

Jumatano, 3 Machi
Sijakata. Laini ya biro ndiyo ya nyumbani, kwa hiyo juu ya simu ya sebuleni nimebandika karatasi: USIINUE. Dolphine ameisoma, kisha akanisoma mimi.

Ryoba, mchimba dhahabu wa Macalder, alikuja kumpigia simu mnunuzi wake. Nikamwambia haiwezekani, kuna mgonjwa. Akauliza ni nani. Nikasema Arobaini na Saba. Akanipa pole.

Alhamisi, 4 Machi
Saa tatu na nusu, 47 ipo. Nimevaa tai.

Saa nne kasorobo Dolphine ameinua simu. Karatasi aliiona, anasema, lakini ni siku mbili hajui mama yake kule Kisegi ameamkaje, na baba Liz, yaani mimi, hajamwonyesha nambari inayomzidi mama. Laini ikakatika. Nikaunganisha mbio: 63. Saa nne ikapita kama mtu asiyenijua, nikakata.

Saa tano Bi Kemuma amepiga. Kompyuta yao iliipigia 47 na ikapokelewa vizuri sana, na duka la dawa za mifugo la Kisii. Wamepata orodha ya dawa za minyoo. Ameniuliza, kwa heshima zote, mbuta wa Migori hunyweshwa dawa mara ngapi kwa mwaka.

Kituo amepewa Zadock.

Jumapili, 7 Machi
Zadock amekuja na mbuta mzima. Wema wake ndio unaoumiza. Ameniita omera, yaani ndugu, akasema tugawane kazi. Anayepigiwa ndiye anayehitaji anwani ya kudumu. Anayepiga anaweza kuwa na yoyote. Basi mimi nipige kwake, niweke bei za samaki wa Karungu na Muhuru, fuo za upande wangu, ndani ya kompyuta yake, na Nairobi watazichukua hapo. Bi Kemuma amekubali. Dolphine alisema asante kabla sijafungua mdomo.

Nimekubali. Ni busara. Nimekula vipande vitatu.

Jumatatu, 8 Machi
Nimepiga Homa Bay, bei zikaingia bila shida. Kisha nikaona jina alilolipatia faili langu: Msaidizi wa Migori.

Msaidizi. Mimi niliyemtangulia kwa miezi miwili.

Nimezifuta bei zote. Fomu ya Gesare sijazi, Zadock atasema namwiga. Nimemwandikia Bi Kemuma faksi: Alhamisi hii asihangaike na Homa Bay, anipigie moja kwa moja. Anwani yangu sasa inaishia 88, na imetulia tangu saa mbili asubuhi. Nambari nzito kama hiyo si ya kuhamahama.

Laini ni moja, kwa hiyo nilikata modemu dakika mbili tu ili faksi ipite. Imepita safi.