Miguu Mbele Kama Nawabu

Jumatatu, 3 Novemba

Magoti yamekwisha. Miaka kumi na tisa napeleka maziwa mjini Okara kwa pikipiki, madumu sita yananisukuma kwa nyuma hadi nakalia tangi, na magoti yanagonga usukani kila kona. Leo Mushtaq, muuza maziwa mwenzangu (mwenzangu! hasimu wangu), kanikuta barabara ya mfereji, akapunguza mwendo makusudi. "Rafaqat, kaka, unaendesha au unajisaidia?" Watu wa kibanda cha chai wakasikia. Wote.

Nimepata dawa. Vikanyagio visogezwe mbele, pedali za gia na breki zifuate. Miguu inyooke kama ya nawabu, wale mabwana wakubwa wa zamani, au kama matajiri wa Lahore kwenye mapikipiki yao makubwa. Nimemweleza mke wangu, Shamim. Akasema nisogeze tu madumu nyuma. Nyuma! Nikamhurumia. Ufundi si kukanda unga wa chapati.

Jumanne, 4 Novemba

Fundi Liaqat amekataa. Anasema breki si kitu cha kuchezea, na kile chuma kinachoivuta kikirefushwa ovyo kitapinda siku nitakapokihitaji. Wivu tu. Nimekwenda kwa Boota, anayechomelea mageti na vitanda. Boota hakuuliza hata swali moja. Huyo ndiye fundi! Kabla ya adhuhuri amemaliza. Kwa mazoea ya mageti, kabandika na maua ya chuma kila upande. Sikuyaagiza, ila yamependeza.

Jumatano, 5 Novemba

Raha! Miguu mbele, kifua wazi. Nimesalimia hadi watu nisiowajua.

Kasoro ndogo: kubadili gia lazima niinue mguu mzima kama mtu anayeruka mtaro. Nimekwenda na gia ya pili safari nzima. Kasoro nyingine: upepo. Miguu ikiwa mbele, upepo unaingia kwenye pindo za shalwar, na suruali yangu hiyo ni pana, imeshonwa kwa kitambaa cha mita nne. Nimefika mjini nimevimba miguu yote miwili. Mushtaq alikuwa ameshafika, kasimama mlangoni kwa Haji Sadiq, mwenye duka la halua. Akaniuliza puto moja nauza bei gani.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefunga pindo kwa tepe za nywele za Shamim. Nyekundu, zina shanga. Hakukuwa na nyingine. Upepo umekoma. Heshima nayo, kidogo.

Haji Sadiq kafungua dumu langu, kakuta mabonge ya siagi. Mtikisiko wa gia ya pili. Nikamwambia huo ndio ubora wenyewe. Hakushawishika. Kisha akatutangazia: bintiye anaolewa Jumapili. Jumamosi asubuhi anataka maziwa ya halua ya harusi, na atakayefika kwanza, maziwa yakiwa salama, atapewa kazi ya msimu wote wa baridi. Msimu wote! Mushtaq akazitazama tepe zangu, akamwambia Haji kwa upole kwamba bibi harusi ameshafika.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeswali. Nimefanya mazoezi ya gia ya tatu. Imeingia mara moja. Shamim kanyamaza siku nzima. Nadhani ameanza kuelewa.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado una ganzi ya baridi.

Nilitangulia! Hilo likumbukwe. Gia ya tatu, Mushtaq nyuma yangu anakula vumbi. Karibu na daraja, nyati wa maziwa kama thelathini wakaanza kuvuka, kwa mwendo wa wenye mji. Breki ya mkono ilikufa tangu Idi, kwa hiyo nikakanyaga ya mguu. Pedali ikashuka. Nikakanyaga zaidi. Ikashuka zaidi. Chuma cha Boota kilikuwa kinajikunja kama jalebi, zile tamutamu za dukani kwa Haji, na gurudumu halina habari. Nikakata kona, nikaingia kwenye bwawa la kando ya daraja. Mimi, pikipiki, madumu, maua.

Madumu matano yakamwagika. Shalwar ikajaa maji, na zile tepe hazikuyaachia. Nikashindwa kusimama. Maji ya Novemba, shingoni. Nikamfikiria binti yangu Iqra. Sikuona kitu cha kuchekesha.

Halafu nikamwona Mushtaq majini, na viatu vyake, anakata tepe kwa meno. Nikamwambia aniache, aende, kazi itampita.

"Nyamaza wewe! Ukifa nitamcheka nani?"

Sauti ilimtetemeka. Yangu pia, baridi ile. Akalipakia dumu langu lililosalia kwenye pikipiki yake, akanipakia na mimi juu ya dumu. Haji Sadiq akatuangalia tunavyochuruzika, akauliza nani kafika kwanza. Mushtaq akasema ni mimi, nilikuwa mbele yake mpaka bwawani. Haji akatugawia kazi nusu kwa nusu.

Sikulia. Yale yalikuwa maji ya bwawa.

Jumapili, 9 Novemba

Fundi Liaqat amerudisha vikanyagio mahali pake, na kile chuma kilichojikunja kanikabidhi mkononi. Afadhali angenitukana. Shamim mwenyewe kasogeza madumu nyuma, kayafunga kwa kamba. Nimezunguka kijiji. Magoti hayagusi kitu. Kama nilivyokuwa nikisema siku zote, tatizo lilikuwa madumu.

Harusini nimekula sahani moja na Mushtaq. Nyama ilikuwa laini, na yeye kaniachia mfupa wenye uboho.

Ila sasa magoti yametulia, mgongo ndio umeanza kusikika. Kinyozi wa jirani na ukumbi anauza kiti chake cha chuma. Kina egemeo, kina pa kulaza kichwa, na kinazunguka! Nimekipima kwa shubiri wakati wenzangu wakinawa mikono. Kinaenea juu ya pikipiki. Boota, aliyekuwa amekaa meza ya pili, anasema Jumanne kitakuwa tayari.

Mushtaq alikuwa anatusikiliza. Hakucheka. Kamwendea kinyozi kumuuliza kama anacho cha pili.