Malalamiko Kuhusu Kinyonga Ambaye Hajafika Harusini

Kisyeri, Fundi Seremala,
Nyuma ya Mashine ya Kusaga,
Tarime.
19 Oktoba 2009

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mashimo,

YAH: KUSIMAMISHA UCHIMBAJI WA DHAHABU MPAKA FILAMU YA DAKIKA SITA IPATIKANE

Pokea heshima zangu. Nakuandikia wewe kama kiongozi, si kama Mseti niliyekuchongea gari la mti ukiwa mdogo. Udugu tuuweke kando kwanza, nitausalimia mwishoni.

Kama ujuavyo, tangu tulipomzika marehemu mama yako, Bhoke, mwezi wa tatu, mdogo wake Mokami, ambaye ni mke wangu, alikuwa hacheki. Alipika, alilima, alikwenda kanisani, alijibu salamu. Kucheka, hapana. Mwezi wa sita nikampeleka kwenye banda la video la Owuor. Kabla ya filamu kubwa ya ngumi, wakati watu wanagombania mabenchi, Owuor alikuwa na desturi ya kuweka filamu fupi ya katuni. Siku ile ilikuwa ya kinyonga aliyealikwa harusini na hajui avae rangi gani. Akipita kwenye majani, kijani. Akipita kwenye matope, matope. Akaketi kupumzika juu ya blanketi la mistari, akaondoka na mistari yake, na pundamilia mmoja akaanza kumfuata akidhani ni mwanawe. Hapo Mokami alicheka. Alicheka mpaka akanishika bega asianguke. Ndipo watu wako watatu wakaingia, wakazima jenereta, wakaibeba. Duara, yaani shimo lenu la dhahabu, lilikuwa limejaa maji na pampu ilihitaji umeme.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jenereta haikurudi. Owuor naye akaifuata jenereta yake, na sasa anachimba duara la saba, nasikia ni hodari. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Lakini watu wa kupiga nyundo mnao wengi. Mtu wa kuonyesha katuni fupi Tarime nzima alikuwa mmoja.

2. Nimezitafuta filamu hizo kwa miguu yangu. Sokoni Tarime muuza sidii aliniuliza jina. Nikamwambia jina silijui, ila ni ya kinyonga, haina maneno, na inakwisha kwa dakika sita. Akaniuliza, "Mzee, sasa hiyo ni filamu au ni tangazo?" Akanipa ya joka linalomeza meli. Sirari nikapewa mieleka. Nikavuka hadi Migori kwa shemeji yetu Adhiambo, akanipeleka kwenye duka lenye sidii moja yenye filamu arobaini. Zote arobaini zilikuwa ndefu, na katika zote arobaini kuna jumba lililolipuka.

3. Kila ninapouliza, naulizwa mjukuu wangu ana miaka mingapi. Nina miaka hamsini na minane, na sihitaji mjukuu ili nimtazame kinyonga. Aliyemchora mnyama yule hatua kwa hatua, jicho moja likitazama mbele na jingine likitazama alikotoka, alifanya kazi ya fundi. Mimi nikichonga kigoda kifupi, hakuna anayesema hicho si kiti.

4. Kila jioni tukishaondoa vyombo, Mokami ananiuliza, "Kinyonga alifika?" Nalazimika kujibu. Juzi nilisema amefika, akapanda kwenye shela la bibi harusi, hakuna aliyemwona, na mchungaji akafungisha ndoa wakiwa watatu. Jana nilisema amefika harusi ya jirani kwa makosa, na kwa adabu hakuweza kuondoka kabla ya kula. Mimi ni mzee wa kanisa. Uongo wote huu, Ndugu Mwenyekiti, utaandikwa kwa jina langu au la kamati yako?

5. Hili ndilo kubwa. Nimepata habari kwamba sidii za Owuor zilikwenda pamoja na jenereta, na ile ya kinyonga imefungwa kwenye kijiti mdomoni mwa duara la saba, inapeleka mwanga wa jua shimoni ili wachimbaji wauone mwamba. Nilikuja mwenyewe. Nikaliona neno KINYONGA kwa mwandiko wa Owuor, likizunguka na upepo. Nikaomba nipewe. Mtu mwenye vumbi mpaka kwenye kope akanijibu kwa upole, kama anayeongea na baba yake, "Tata, tukiitoa hiyo tunachimba gizani." Nikageuka nikarudi nyumbani, na upole wake ndio ulioniuma zaidi.

Kwa hiyo naomba: duara la saba lifungwe ili sidii itolewe. Maduara mengine yafungwe ili jenereta ipate nafasi. Mashine za kusaga mawe zinyamaze. Wachimbaji wote waje wakae kwenye mabenchi, kwa sababu filamu kama ile haitazamwi na mtu peke yake. Baada ya dakika sita wanaweza kurudi kazini. Wakiomba irudiwe, na wataomba, tukadirie siku mbili.

Mkikataa, nitaacha kuwachongea ngazi. Aliye juu abaki juu, na aliye chini atafakari.

Msalimie mkeo Salome, Owuor, na wote wa duara la saba, pamoja na yule wa kope. Mama yako mdogo anasema hujafika tangu matanga. Njoo Jumapili, atasonga ugali wa mtama.

Wako katika ujenzi wa taifa na wa ngazi,

Kisyeri

Tanbihi: Nilikwenda kutafuta bahasha, Mokami akaikuta barua hii mezani, akaisoma yote. Nimerudi nikamkuta amesimama mlangoni. Anasema mwisho wa ile filamu anaujua tangu mwezi wa saba. Alikutana na Owuor kisimani, akamuuliza, akaambiwa kinyonga anafika, anapewa soda, basi. "Haikunifurahisha," ameniambia. "Ya kwako ina wageni wengi." Ndiyo maana anauliza kila siku. Kwa hiyo chimbeni. Sidii iacheni hapo hapo kwenye kijiti, na ikitaka kuanguka, Mseti mwanangu, ianguke ndani. Ngazi ya duara la saba iko tayari. Tuma mtu aichukue mapema, kwa maana jioni nina kazi: bwana harusi ametoroka, na bado sijui amekwenda wapi.